Gharama za Nyumba Tutakayoihama

Katika masuala ambayo watu wa mijini huyauliza kwa sauti ya chini, mojawapo ni hili: nyumba ninayokaa si yangu, au ni yangu lakini sina yakini kuwa nitakaa ndani yake hadi mwisho, basi nitie mali yangu humo kiasi gani? Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye amepanga fleti ya vyumba viwili huko Tudor, Mombasa, aliniletea karatasi ya seremala yenye hesabu ya jiko jipya: makabati ya kujengewa ukutani, meza ya marumaru nyeusi ya kukatwa kwa kipimo cha ukuta wenyewe, vigae vya sakafu, sinki na mabomba yake; na jumla yake, shilingi 380,000, ilikaribia kumaliza akiba yote aliyojiwekea tangu aanze kazi. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Mwenye nyumba amempa ruhusa afanye atakalo, nayo ni ruhusa ambayo haimgharimu mwenye nyumba senti moja, kwa kuwa kila kitakachojengwa kitabaki kuwa milki yake.

Niliisoma karatasi ile kwa makini, na kila nilipolifikia neno "ukutani" nilimkumbuka marehemu baba yangu, ambaye katika maisha yake yote hakukubali kwa wepesi kukishikiza ukutani kitu ambacho hangeweza kukibandua.

Mimi nilizaliwa Majengo, katika nyumba iliyokuwa yetu juu ya ardhi ambayo haikuwa yetu. Msomaji wa bara huenda akasita kidogo hapa, lakini mtu wa pwani anazijua nyumba za namna hii, maana ziko kwa maelfu Mombasa, na hata leo hujulikana kuwa ni nyumba bila ardhi. Mwaka 1895 ukanda wa pwani wa maili kumi, ambao ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja, uliingia katika utawala wa Waingereza. Na mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hatimiliki, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi alete ushahidi wa dai lake, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya serikali. Wenye kuzijua njia za afisi na wenye uwezo wa kuwalipa mawakili waliandikisha. Wengine wengi, ambao babu zao walilima na kuzikwa hapo hapo, hawakuandikisha kitu. Ndipo watu walipojikuta wakilipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa mwenye hati, huku nyumba iliyosimama juu ya ardhi ile wameijenga wao, wanaikarabati wao, wanaipangisha wao na kuirithisha wao. Sheria ya Kiingereza ilishika kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Ada za pwani, pamoja na sharia ya Kiislamu, zilikubali tangu kale kwamba ardhi, tuseme, iwe ya Zaidi na jengo liwe la Amri. Sisi tuliishi katikati ya fikira hizo mbili, na katikati hapo ndipo baba alipopatia iktisadi yake.

Mwenye ardhi alikuwa na sharti moja kubwa, nalo ni kuwa mtu asijenge kwa mawe. Akijenga kwa mawe ni kama aliyetangaza kuwa haondoki. Kwa hiyo nyumba yetu, kama za jirani zetu, ilikuwa ya fito na udongo: fito zimefungwa kwa kamba za usumba juu ya nguzo za mikoko, udongo mwekundu umekandikwa baina yake pamoja na vijiwe, ukaachwa ukauke na kupasuka, kisha ukapigwa lipu ya chokaa na mchanga mpaka mgeni asiyejua akadhani ni nyumba ya mawe. Ukumbi ulikatiza katikati toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na uani ndiko kulikokuwa na jiko na choo.

Baba alikuwa karani bandarini Kilindini, naye aliiangalia nyumba ile kama karani aangaliavyo shehena. Kila kilichomo alikigawa mafungu mawili, kinachobebeka na kisichobebeka, na fedha yake aliipeleka katika fungu la kwanza. Boriti alizinunua nzuri, kwa korja, akachagua zilizonyooka, kwa sababu boriti njema hutoka katika paa moja ikaingia katika paa jingine. Bati alilipigilia misumari michache kuliko jirani zake, na kila msumari alijua umeingia wapi. Mlango wa mbele ulikuwa wa mvule, mzito, na fremu yake haikujengewa udongoni kama fremu za watu wengine, bali ilishikwa katika nguzo mbili kwa parafujo ndefu za chuma ambazo baba alizipaka grisi kila mwaka baada ya masika; na sisi watoto tulimshikia taa tukimtazama anavyozilegeza nusu duara, anazifuta kutu, anazirudisha. Wakati ule nilidhani anazikaza. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akihakikisha zinafunguka.

Mama hakuwa na utaratibu huo. Yeye alitaka sakafu ya saruji. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa, na kila ilipofagiliwa vumbi lilipanda, na mimi na mdogo wangu tulikuwa watu wa kukohoa tangu Kaskazi hadi Kusi. Baba alimjibu kwa upole kuwa sakafu haibebeki, na kwamba fedha itakayomwagwa chini itabaki chini siku tutakayoambiwa tuondoke. Mama akamwuliza, "Na kikohozi cha watoto, bwana, kinabebeka?" Baba alinyamaza, na nadhani alilala na neno lile, kwa sababu haikuchukua muda mrefu mifuko ya saruji ikaja juu ya mkokoteni, na sakafu ikamwagwa katika chumba cha watoto na sehemu ya uani ilipofuliwa nguo. Ilikuwa nyembamba, na ilitosha.

Tulikaa juu ya sakafu ile miaka mingi, mpaka ardhi ikauzwa. Mwenye kuinunua hakuwa na haja ya kodi zetu; alitaka kujenga ghala. Tulipewa muda wa miezi michache, na baba, ambaye alikuwa ameisubiri siku hiyo katika maisha yake yote ya ndoa, aliwaita ndugu zake wawili na mahamali, akaanza kuibomoa nyumba yake kwa utaratibu ule ule aliokuwa ameijengea. Bati lilishuka zima zima. Boriti ziliteremshwa na kuhesabiwa, na katika zote zilizooza ncha zilikuwa akali. Parafujo za mlango ziliitika kwa mkono mmoja. Vyote vikapakiwa mikokoteni, vikavuka daraja la Nyali la zamani, lile lililokuwa likielea juu ya maji, vikafika Kisauni, na huko vikasimama tena kuwa nyumba juu ya ardhi ya mwenye hati mwingine. Mama alipoulizwa na shoga zake kama haimwumi kuiacha sakafu aliyoipigania, aliwajibu kuwa haki yake kwa sakafu ile amekwisha kuichukua.

Nimeyafikiri maneno yale mara nyingi, na kadiri ninavyoyafikiri ndivyo ninavyoona kwamba baba na mama hawakuhitilafiana kama walivyodhani wenyewe. Baba alilinda mali inayosafiri. Mama alitaka starehe na afya zinazoliwa papo hapo, siku kwa siku, ambazo zikishaliwa hakuna mwenye hati awezaye kumnyang'anya mtu. Mali inayopotea ni ile isiyoingia katika mafungu haya, ile ambayo mtu huitoa kwa kutaraji kuwa itamfaa mbele, katika mahali ambapo mbele yake si yake. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo. Mwenye ardhi alikuwa sahibu yake, wakisali msikiti mmoja, naye alimwambia ajenge apendavyo maana wao ni ndugu. Jirani akainua kuta za mawe upande wa mbele, akatia nakshi za saruji juu ya madirisha, akawa ndiye mwenye nyumba nzuri katika mtaa. Sahibu alifariki, warithi hawakujua habari za undugu ule, na siku tulipokuwa tukipakia mabati yetu yeye alikuwa amesimama mbele ya kuta ambazo hazikubali kupakiwa. Neno la mdomo hufa pamoja na mdomo uliolisema. Ruhusa aliyopewa mpwa wangu ni ya mdomo vile vile.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua kwa baba wala kwa mama, bali kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Ng'ambo ya Unguja. Ng'ambo nayo ilikuwa mji wa nyumba za watu juu ya viwanja vya watu wengine, na bibi alikuwa mwanamke kijana mwaka 1928, wenye viwanja walipokuwa wamezipandisha kodi hadi watu wakakataa kulipa. Alikuwa akitusimulia jinsi wanawake walivyokuwa mbele katika mgomo ule, kwa kuwa wengi wao ndio waliokuwa wenye nyumba, na jinsi serikali ilivyolazimika mwishowe kuingilia kati kodi hizo. Nilipomwuliza kwa nini watu hawakuhama tu wakaenda pengine penye nafuu, alinitazama kwa mshangao. Wangehamaje, na kila walichonacho kimekandikwa katika kuta? Mwenye kiwanja alikuwa akijua hilo. Alijua kwamba mtu aliyekwisha kutia fedha yake mahali ataivumilia nyongeza ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kwa kuwa kuhama kutamgharimu zaidi kuliko kuvumilia.

Wapangaji wa leo hulisahau hili mno. Mtu hudhani kuwa akiipamba nyumba atapendwa na mwenyewe na atakaa kwa amani, ilhali aghalabu anayafanya mawili kwa pamoja: anaipandisha thamani nyumba, na anajifunga asiweze kuikimbia thamani hiyo itakapodaiwa kwake. Ipo Kenya sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, lakini kinga yake inawafikia wapangaji ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na ni chumba gani cha Tudor, seuze fleti, kinachopangishwa leo kwa kiasi hicho? Mwenye jiko la marumaru atajadiliana na mwenye nyumba akiwa na mkataba wake tu mkononi.

Hata hivyo, ningekuwa nimeishia hapo ningempa mpwa wangu nasaha ya ubahili, nami nimeyaona madhara ya ubahili kwa macho yangu. Nilipoanza kazi ya ualimu nilipelekwa bara, katika nyumba za shule, ambamo mwalimu hukaa mpaka ifike barua ya uhamisho. Mwenzangu mmoja aliyenitangulia hapo hakuwa amefungua masanduku yake yote. Hakuweka pazia, hakutengeneza rafu, taa ya sebuleni ilining'inia kwa waya mtupu, na mkewe alipikia mafiga matatu chini ya kibanda cha nyuma ambacho mvua ilikiingilia toka pande zote, maana kila alipotaka kukikinga aliambiwa kuwa wako njiani kuondoka. Barua haikuja. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakamaliza darasa katika nyumba ile ambayo baba yao alikuwa akiihama kila siku moyoni mwake. Mimi nilipohamishwa nilimwacha hapo hapo. Sikupata kuona mtu aliyelipa ghali zaidi kwa kukataa kulipa, na waliolipa zaidi kuliko yeye ni mkewe na watoto wake, ambao hawakuulizwa. Nyumba niliyopewa mimi, kwa upande mwingine, ilikuwa na mindimu miwili uani, iliyopandwa na mwalimu nisiyemjua. Ndimu zake tulizikamulia samaki na chai muda wote tuliokaa, na mke wangu alikuwa akimwombea dua mtu yule bila kujua jina lake.

Kutokana na mambo hayo niliunda hesabu ambayo nimeitumia katika kila nyumba tuliyopanga tangu hapo, nayo ndiyo niliyompa mpwa wangu. Nilimwuliza: fleti hii unailipia shilingi 25,000 kwa mwezi, lau ingekuwapo nyingine pembeni yake, inafanana nayo kwa kila kitu isipokuwa ina jiko hilo analolichora seremala, ungekuwa radhi kuilipia zaidi kwa kiasi gani? Alifikiri, akasema labda 3,000. Mkataba wako una miezi 12; basi jiko hilo kwako lina thamani ya 36,000, na ukiwa na yakini ya miaka miwili, 72,000. Hicho ndicho kipimo cha kile unachoweza kukiacha nyuma bila majuto, kwa sababu utakuwa umekila. Kilichozidi hapo lazima kiwe ni kitu chenye miguu: kabati la kusimama lenyewe, meza ya mbao ngumu, jiko la gesi, taa ambayo soketi yake inabaki na yenyewe inatoka. Marumaru iliyokatwa kwa kona ya ukuta huu haitaikubali kona ya ukuta mwingine.

Alikubali, japo si kwa furaha, kisha akaniuliza jambo ambalo hesabu yangu hailijibu. Chini ya sinki, alisema, ukuta una unyevu. Bomba la ndani linavuja, rangi imefura, na ukiugusa ukuta unameguka. Alikwisha kumwambia mwenye nyumba mara kadhaa, naye hujibu kuwa atakuja. "Mjomba, hiyo si starehe yangu, wala sitaibeba. Lakini nikiiacha si itaoza?" Nilimpa jibu la haraka, kwamba amwandikie barua, abaki na nakala, na adai kuwa iwapo yeye atamleta fundi, gharama zikatwe katika kodi. Alipokwisha kuondoka niliona kuwa swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na jibu hilo ninalo kutoka Lamu.

Nilipohamishiwa Lamu tulipanga orofa ya juu ya nyumba ya mawe huko Mkomani, nyumba ya zamani yenye daka mbele, kiwanda, yaani ua, ndani, na zidaka katika ukuta wa chumba cha ndani zilizosalia kwa safu. Anayezijua nyumba za Lamu anajua kuwa vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti: mkoko hautoi mti mnyofu wenye nguvu za kubeba dari kwa urefu wowote autakao mtu, kwa hiyo upana wa chumba hukaa chini ya mita tatu, na ukuta wenyewe huwa mnene wa karibu nusu mita. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hushindiliwa zege la chokaa. Dari ya chumba chetu cha mwisho ilikuwa imepata ufa, na mvua za masika zilikuwa zimeingia humo kwa miaka kabla yetu. Fundi mzee tuliyemwita alipanda ngazi, akachomeka ncha ya kisu katika boriti mahali inapoingia ukutani, na kisu kikazama hadi mpini. Alizijaribu nyingine. Katikati zilikuwa ngumu kama chuma. Ncha tu, zile ambazo jicho haliwezi kuziona, ndizo zilizokuwa zimegeuka unga.

Nyumba ilikuwa ya warithi. Marehemu aliyeiacha alikuwa na watoto wengi, nao walikuwa wametawanyika, baadhi Mombasa, mmoja Malindi, wengine Maskati na Jedda, na nyumba isiyogawanywa katika hali hiyo huwa kila mmoja ana haki ndani yake na hakuna mwenye wajibu. Majumba mengi ya mawe yameanguka katika miji yetu ya pwani kwa sababu hiyo. Tulimwandikia mkubwa wao, aliyekuwa Mombasa, naye alijibu kwa insafu kuwa hana fedha, ila yuko radhi tutengeneze sisi na tukate nususi ya kodi ya kila mwezi mpaka deni liishe. Sikutosheka na barua. Nilitaka ziandikwe karatasi mbili mbele ya mashahidi, yaorodheshwe matengenezo na gharama zake, na liandikwe hasa la mwisho: kwamba tukihama kabla ya deni kwisha, kilichobaki watalipa wao. Nilimkumbuka jirani wa Majengo na nakshi zake.

Lakini kabla ya karatasi kulikuwa na shauri jingine, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi, mimi na mke wangu. Dari ile na ukuta uliokuwa chini yake vingeweza kutengenezwa kwa saruji au kwa chokaa. Saruji ilikuwapo dukani, kwa mifuko, na kazi ingekwisha kwa siku chache. Chokaa ilitaka muda: matumbawe yachomwe katika tanuri, chokaa izimwe kwa maji na ilazwe shimoni kwa majuma, ichanganywe, ipigwe tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lisubiriwe; na fundi hulipwa kwa siku. Tofauti ya gharama haikuwa ndogo kwa mshahara wa mwalimu. Fundi mzee hakutuficha kitu. "Mwalimu," alisema, "nyumba hii hutoka jasho kama mtu. Ukiivika saruji, jasho lake litarudi ndani." Alitupeleka kuona nyumba ya jirani ambayo ilipigwa saruji miaka kadhaa nyuma. Chumvi ya bahari, ambayo imo ndani ya matumbawe na katika maji yanayopanda kutoka chini, hupita katika chokaa ikatokea nje na kupanguswa. Ikikutana na saruji huzuiliwa, hujikusanya nyuma yake, na kuisukuma. Lipu ilikuwa imejitenga na ukuta kwa mapande. Fundi aliigonga kwa kifundo cha kidole, ikatoa sauti ya utupu. Unyevu uliozibiwa njia ulikuwa umetafuta njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa ncha za boriti.

Tuliwauliza wenye nyumba ile walikaa muda gani kabla lipu haijaanza kufura. Walitaja miaka ambayo ilizidi ile tuliyotaraji sisi kukaa Lamu. Yaani saruji ingetutosha. Ingetuletea dari kavu na ukuta mweupe kwa muda wetu wote, kwa bei nafuu, na madhara yake yangedhihiri juu ya kichwa cha mtu mwingine. Hesabu yangu ya kodi na miezi, ambayo mpaka siku ile sikuwa nimeiona pungufu, ilisema saruji waziwazi. Mke wangu ndiye aliyeikataa. Alisema kwamba mwalimu yule wa mindimu naye alikuwa na hesabu.

Wanavyuoni wa fikihi, wanapozungumzia nyumba ya wakfu, husema kuwa mapato yake huanza kwa matengenezo yake kabla hayajamfikia yeyote anayestahiki kupewa. Nyumba tuliyopanga haikuwa ya wakfu, wala sisi hatukuwa wasimamizi wake, lakini niliiona hekima ya utaratibu huo siku zile: kwamba jengo lina dai lake lenyewe, mbali na dai la mwenye hati na mbali na raha ya mwenye kulala ndani, na aliyepo wakati kasoro inapofunuka ndiye wa kwanza kulisikia dai hilo. Hadaiwi alipe yote. Anadaiwa asilifiche, alifikishe kwa mwenyewe kwa maandishi, na kama atatia mkono, autie kwa namna ambayo haiharibu. Ukuta ulio chini ya sinki ya mpwa wangu uko katika hukumu hii. Kuupiga rangi mpya na kuuzibia kwa kigae kungempendezesha mpaka Desemba.

Basi tukaingia katika chokaa. Boriti saba zilitolewa na saba zikatiwa, na wakati wa kazi hiyo tulilala sote katika msana, ile sebule ya kuelekea kiwanda, watoto wakifurahi kama walio safarini. Kwa upande mwingine tulijizuia: ngazi ambayo lipu yake ilikuwa imechakaa hatukuigusa, maana haikuwa ikimdhuru mtu wala nyumba, zidaka zilizovunjika hatukuzirudishia nakshi, ingawa fundi alitamani sana tumwachie azirudishie, na vitu vya raha yetu wenyewe, feni, rafu za vitabu, chandarua cha fremu, vilikuwa vya parafujo.

Uhamisho ulikuja kabla nususi za kodi hazijalimaliza deni. Ilibaki karibu thuluthi. Mkubwa wa warithi alitimiza ahadi kwa kadiri ya fungu lake na mafungu ya dada zake, akaleta fedha kwa awamu mbili. Aliyekuwa Maskati aliandika kwamba yeye hakuulizwa na hakutia saini, na kusema kweli hakutia. Mashahidi walinishauri niende kwa kadhi. Mke wangu aliniuliza nimelala mara ngapi usiku wa masika chini ya dari ile bila kuamka kuhamisha kitanda, nami nikaliacha dai.

Mwalimu aliyeipanga orofa ile baada yetu alinijia kabla hatujaondoka, akataka kujua kama afaa kuimalizia ile ngazi kwa gharama yake, kwa kuwa ilimkera macho kila alipoipanda. Nilimpa nakala ya mkataba wetu aisome, nikamwonyesha mahali palipokosekana saini, nikamwambia kwamba ikiwa ataanza, basi aanze kwa barua ya kwenda Maskati.